Prof wa Historia na Mama Aliyekuwa Akiuliza Vibaya

Kifo chake nilikisikia kanisani, Jumapili, misa ya kwanza, kati ya tangazo la mazoezi ya kwaya na tangazo la mbuzi aliyepotea upande wa soko. Katekista alisoma jina mbio mbio, akageuza karatasi, akaendelea na mbuzi wake. Nilikasirika, na bado nimekasirika, mnivumilie. Mtu aliyetumwa na serikali kutoka jimbo la mbali kufundisha historia hapa Butembo, akaapa kwamba atakaa mwaka mmoja tu, kumbe akakaa mpaka akaota mvi, alistahili angalau pumzi moja kabla ya mbuzi. Wengi wenu mnaosoma safu hii mlipita darasani kwake. Tulimwita Prof, na jina hilo linatosha.

Tulizoea kugombana, mimi na yeye, jioni mbele ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi ambayo alidai haipendi lakini kikombeni mwake hakikubaki kitu. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja: kila mwaka alitumia majuma mazima kufundisha kambi za Wanazi, jinsi Wayahudi walivyokusanywa na kuuawa kwa sababu tu walikuwa Wayahudi. Mimi nikamwambia, "Prof, Beni kunachinjwa watu, Mangina watu wanakimbia mashamba, na wewe uko unalilia bafu ya Wazungu, wafu wa mbali? Tuko na bafu yetu." Akanitazama juu ya miwani. "Weye, mufu iko na passeport?" Nikaagiza kikombe kingine, basi.

Siku nyingine alinieleza chanzo cha masomo hayo. Alipokuwa mwanafunzi Lubumbashi, alipanga chumba nyuma ya duka la vitambaa la mzee mmoja Myahudi mwenye asili ya kisiwa cha Rodo, aliyenusurika kambi hizo. Prof, kijana mwenye haraka ya kujua, alimuuliza waziwazi: "Muzee, kule kambini balikufanya nini?" Mzee akageukia vitambaa vyake, akaanza kukunja kilichokuwa kimekunjwa tayari. Baadaye, siku ya mvua isiyo na wateja, Prof aliona ramani ya zamani ukutani, akauliza tu: "Kutoka kwenu mpaka huku, ulipita wapi?" Hapo mzee akaja, akaweka kidole chake kwenye ramani. Meli kutoka Rodo. Haidari, karibu na Athene. Treni iliyofungwa milango. Auschwitz, ambako mama yake na dada zake walipelekwa upande mmoja, yeye upande mwingine, asiwaone tena. Halafu Ebensee, kambi ya Austria, kuchimba mashimo ndani ya mlima mpaka vita vikaisha. Halafu kwa mjomba wake, Kongo. Kwenye kila mahali kidole kilisimama, na kilipokuwa kimesimama ndipo maneno yalipotoka yenyewe. Prof aliniambia mvua iliacha na mzee hakujua.

Niliona ni hadithi nzuri, nikaisahau. Kisha yakatokea ya hapa mtaani. Katika parseli, ua wa nyumba kadhaa, alimopanga Prof alirudi msichana aliyekuwa amechukuliwa na watu wa porini wenye bunduki, upande wa magharibi wa Mangina. Alirudi amekonda, haongei. Jamaa zake walimpenda kwa namna yetu tunayoijua: walimwekea sahani yake peke yake, wakatuonya majirani wote, "Hapana mumuulize kitu, asahau." Lakini nyumba ya tatu kutoka pale aliishi mama mkimbizi ambaye mwanawe alichukuliwa siku ileile, katika mashamba yaleyale ya kakao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kila alipomwona yule msichana alimshika nguo: "Mutoto yangu balimufanya nini? Niambie, mama, balimufanya nini?" Msichana alijifunika uso na kukimbilia ndani. Kaka zake wakamfukuza yule mama kama mwizi, na familia mbili za parokia moja zikaacha kusalimiana. Mama hakujua kama aendelee kungoja au aanze kulia, na mtu hawezi kufanya yote mawili kwa pamoja bila kuharibika.

Prof alienda kwa mama kwanza. Akamwambia, "Leo utakuja, utakaa, lakini hapana uliza." Kisha akamketisha pembeni ya ua, naye akaketi karibu na msichana aliyekuwa akimenya mihogo, akachukua kisu, akaanza kumenya naye. Alimenya vibaya mno, nusu ya muhogo ilikwenda na ganda, hata msichana akacheka kidogo. Mimi nilikuwapo, nilikuja kudai kitabu changu. "Siku ile," Prof akasema bila kuinua macho, "mulipita wapi kwanza?"

"Ku kakao," akasema msichana. Akachukua muhogo mwingine: "Kisha mutoni. Maji ilikuwa mingi." Halafu kilima, halafu kijiji kilichohamwa, chenye kanisa la udongo. Hapo kisu chake kikasimama. "Ni pale tuliachana na mutoto ya huyu mama. Alikuwa na homa, hakuweza tena kutembea."

Mama yule alikuwa ameuma kitenge chake. Ahadi ikamshinda. "Alikufa peke yake?"

"Hapana, mama. Nilimushika mukono mupaka akanyamaza. Nikamufunika na majani. Balinipiga juu ya kumufunika."

Jamani, kilio kilichotoka pale sitakieleza. Lakini kilipotulia, mama aliinuka, akaomba maji kwenye beseni, akaiosha mikono ya yule msichana, taratibu, kidole kwa kidole, kama wenye msiba wanavyowaosha mikono waliowazikia mtu wao. Kaka za msichana walisimama mlangoni, hawakumfukuza. Juma lile matanga yalifanyika, padri akasoma misa, na msichana alikaa kwenye mkeka wa wafiwa, akila sahani moja nao.

Tangu siku ile sikumcheka tena Prof kwa kambi zake. Yeye mwenyewe alikataa kulinganisha. Alisema kila mauaji yana wafu wake, na hakuna wafu wa kukopa. Alichomfundisha yule mzee ni namna ya kuuliza. Nasi mji wetu umejaa waliorudi: wako sokoni, wanapakia maharage kwenye malori ya Kirumba, wanaimba kwaya. Tunawaambia "sahau" na tunajiona wema, kumbe mara nyingi tunalinda masikio yetu wenyewe. Basi, mkitaka kumwenzi Prof kuliko alivyotangazwa kanisani, mtafuteni aliyerudi nyumbani kwenu. Msimuulize walimfanya nini. Muulizeni alipita wapi, kisha mnyamaze kweli. Huenda mbele ya kanisa fulani la udongo alimshika mtu mkono, na mama wa mtu huyo bado anamwekea mwanawe chakula.