Kochi Lililotuhamisha Maskati

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mke wangu Salma hunikatiza kila nikitaka kuisimulia mbele ya wageni. Ni siku niliyokwama kichochoroni, hapa hapa Maskati mjini, mimi upande mmoja wa kochi na hamali upande wa pili, na kochi lenyewe haliendi mbele wala halirudi nyuma.

Nilikuwa kijana, nina kazi ya ofisini na kalamu mfukoni, na nilidhani ukubwa wa mtu huonekana kwa viti vyake. Nikenda madukani Ruwi nikanunua seti nzima ya makochi ya mahameli mekundu. Usidhani nilikurupuka. Nilipima makochi, nikapima chumba cha wageni, nikapima na mlango. Kichochoro sikukipima, kwa sababu nimepita pale tangu mdogo na sikuwahi kunasa.

Kochi dogo lilipita. La pili likapita na chokaa ya ukuta wa jirani. Lile kubwa likanasa baina ya nyumba mbili, likatulia kana kwamba limejengwa pale. Tukavuta, tukasukuma, hamali akavua kofia akajifuta jasho, akaniambia kwa upole kwamba anakwenda kumwita mwenzake. Hamali yule sijamwona tena mpaka leo.

Kochi lilikaa pale siku tatu. Unadhani watu walikasirika? Vijana waliokuwa wakienda msikitini walilipanda wakashukia upande wa pili. Wazee waliona tabu kupanda, wakakaa. Siku ya pili natoka kazini, nawakuta wazee wanne wamejipanga juu ya kochi langu wanakunywa kahawa, na mmoja akaniuliza kwa nini sikununua na meza. Shangazi yangu, Bi Zuwena, aliyenilea tangu tulipotoka Unguja na aliyekuwa akikaa chumba cha chini nyumbani kwetu, alikuwa amewapelekea sahani ya vitumbua.

"Nasoro, liache papo hapo," akaniambia. "Tangu tuhamie mtaa huu hatujapata baraza laini namna hii."

Mtaa mzima ulicheka. Mimi peke yangu sikucheka. Niliona nimeaibika, na mtu akiaibika hutafuta wa kumlaumu, nami nikaulaumu mji. Nikasema mji huu umekwisha, vichochoro vyembamba, gari huna pa kuiweka, hapakaliki tena. Siku ya tatu fundi alilikata kochi miguu, likatoka. Miezi miwili baadaye nasi tukatoka, mimi na Salma, watoto wetu wanne na mama mkwe, watu saba, tukenda Sib, nje ya mji, kwenye nyumba mpya ambayo mlangoni mwake angepita ngamia na mzigo wake.

Shangazi alikataa kuja. "Mie sihami kwa ajili ya kiti," akasema. "Nendeni kwa salama. Mie nnao majirani."

Basi majirani wakaja kututembelea Sib. Wakakaa kwenye makochi, wakatazama huku na huku, wakauliza bei ya viwanja. Mwaka ule ule nyumba sita za mtaa wetu zilihama. Kila aliyehama alisema kamfuata Nasoro, na mimi, mwanangu, nilivimba kichwa kwa sifa hizo.

Mwanzo nilikuwa nikienda kumwona shangazi kila Ijumaa. Halafu ikawa Ijumaa moja moja, ikiwa hapana arusi wala mgeni. Katika Ijumaa hizo za kubahatisha, siku moja nilipita mtaani nikakuta milango imefungwa na duka la mkate limepigwa kufuli. Nikaingia kwa shangazi nimenuna, nikakaa, nikaanza kuomboleza.

"Mji wetu umekufa, shangazi. Watu wa siku hizi hawana mapenzi na kwao. Nimetoka mwanzo wa mtaa mpaka hapa sijasikia hata sauti ya mtoto."

Alikuwa akinimiminia kahawa. Akaliweka chini birika.

"Sauti ya mtoto wa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia, mtoto yeyote.

"Wako wanne uliwapakia garini mwenyewe, mie nnatazama. Umebeba watu sita ukenda nao Sib, leo unakuja kuniuliza mie watu wamekwenda wapi?" Akanisogezea kikombe, akasema taratibu, "Tangu juzi sijasema na mtu, Nasoro. Jana nimeitikia adhana kwa sauti kubwa, nipate kujua kama sauti bado nnayo."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Niliona haya, nikakirudisha kikombe bila ya kuonja kahawa. Mwezi haukwisha tukarudi Maskati. Salma alininunia mpaka Idi, na makochi tuliwaachia wapangaji wa nyumba ya Sib. Shangazi aliishi nasi miaka tisa, akilalamikia kelele za watoto asubuhi na jioni, na akinenepa.

Ila kuna jambo moja sikuweza kulirekebisha, nalo linaniuma mpaka leo. Walionifuata kuhama ni nyumba sita. Walionifuata kurudi, hakuna hata moja. Siku hizi asubuhi utawaona watu wa wizarani wakija kazini, mchana wamekwenda zao, wanabaki watalii wanaoupiga picha mlango wangu nami nimesimama papo hapo. Mmoja aliniuliza kama nalipwa kusimama pale. Nikamwambia bado sijalipwa, lakini nasubiri.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimsikia mtu analia kwamba kwao kumeharibika, usiharakishe kulia naye. Muulize kwanza anakaa wapi. Na wewe zamu yako ikifika, ukitaka nafasi zaidi, hama, sikukatazi, mimi mwenyewe nilihama kwa sababu ya kochi. Lakini kabla hujafunga mizigo, gonga mlango wa yule atakayebaki, ukae naye, umuulize kesho atazungumza na nani. Jibu lake ndilo ulipime, kuliko chumba na mlango. Na kama umekwisha kuondoka, rudi mapema, maana kuondoka kwako wataiga wengi, na kurudi kwako utarudi peke yako.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba ya kukutosha na majirani wanaokuita kwa jina. Asikufanye wa kwanza kutoka, wala asikufanye wa mwisho kubaki. Amin.