Shikamoo, Tajiri

Juzi asubuhi dereva wa lori la pamba alisimama mbele ya karakana yangu hapa Shinyanga, akazima injini, akavua kofia. Nikajua kabla hajasema. "Mwenzako wa msumeno hatunaye tena," akaniambia. "Tumemzika kwao, Samuye." Wasomaji wangu mmezoea kunisikia nikicheka humu, leo niachieni nafasi kidogo nimlilie mtu.

Tulifanya kazi pamoja kwenye karakana ya mgodi, upande wa Geita, tukipasua magogo kwa ule msumeno mrefu wa watu wawili, yeye juu, mimi chini, unga wa mbao ukinijaa machoni. Alikuwa wa rika la baba yangu. Siku moja nikaropoka kwamba natamani kufungua karakana yangu mwenyewe, nitengeneze vitanda na makabati. Wenzetu wakaangua kicheko. "Tajiri wa viraka!" mmoja akasema, akiionyesha suruali yangu. "Mshahara ukikatika utatafuna mbao?" Mzee hakucheka. Kesho yake akanijia mbele ya wote, akainama kidogo: "Shikamoo, tajiri." Mzee mzima kumwamkia kijana! Nilitamani ardhi inimeze. "Baba, unanitafutia laana," nikamwambia. "Nakuzoesha tu," akajibu. "Usiitikie sasa. Utaitikia ukiwa na mlango wako."

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Wenzetu walicheka mpaka wakachoka, na kicheko kilipokwisha likabaki lile neno peke yake, likinifuata hadi kitandani. Watu hudhani anayeacha kazi ya mshahara amepiga hesabu zake vizuri. Mimi sikupiga hesabu yoyote. Nilikuwa na mwenzangu mmoja kazini aliyeniona nimefika wakati mimi mwenyewe nilikuwa bado natetemeka. Siku ninaaga kazi nikamwuliza, "Na wewe baba, mbona hukuondoka?" Akapuliza unga wa mbao mkononi. "Nilitamani sana, mwanangu. Hakuna aliyeniamkia."

Siku niliyofungua karakana hii alikuja kwa lori, akashika upande wa pili wa msumeno, tukapasua gogo langu la kwanza. Kisha akasimama mlangoni, mlango wangu, akasema yale maneno yake, akangoja. Nikashindwa kumwitikia. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akacheka hadi machozi. "Marahaba, mkaidi wewe!" Akapanda lori, akarudi kwenye ajira yake.

Sasa ninaye mwenzangu wa kuvuta naye msumeno, mtu mzima lakini mdogo kwangu kwa umri, mwenye mkono mzuri. Mwezi huu amenigusia mara kadhaa kwamba anaota kuwa na karakana yake kule Kolandoto, nami nikajifanya sisikii, maana akiondoka nitavuta na nani? Lakini leo asubuhi nilimngojea nje. Sisi tunaofanya kazi bega kwa bega tuna uwezo wa kumzika mwenzetu kwa kicheko, au kwa kunyamaza, angali hai. Na tuna uwezo wa kumwinua kwa neno moja. Alipofika nikainama kidogo. "Shikamoo, tajiri." Akashtuka, akafungua kinywa aitikie. Nikamwambia angoje kwanza, mpaka awe na mlango wake.