Kitambaa Chekundu cha Dada Yangu

Wakati wa vita, kati ya nyumba yetu ya Mulekera, kule Beni, na shamba letu palikuwa na barieri, kizuizi cha askari. Ukiambiwa simama, unasimama. Dada yangu mdogo hakuwa anasikia kitu tangu kuzaliwa, na kila alipotangulia njiani mama alimkimbilia na mzigo kichwani.

Tulikuwa tumetoka Kisangani. Baba alikuwa mwalimu wa kutumwa, na majirani walituita watu wa kuja. Lakini mama alijua Kilingala, lugha ya askari. Alichana kitenge chake chekundu, akamfunga dada kipande mkononi, akawaeleza wale wa barieri kwamba mwenye kitambaa hicho hasikii. Ikafaa. Jirani yetu mmoja, Mnande mwenyeji wa pale, aliyekuwa akimficha mwanawe kiziwi nyuma ya nyumba, akaja kuomba kipande. Akafuata mama mwingine kutoka Mbau.

Mama alisahau jambo moja: askari hubadilishwa. Wapya walipofika waliona vitambaa mkononi, pale pale wapiganaji wa msituni wanapofunga dawa yao ya kuzuia risasi. Wakamkamata dada na mtoto wa jirani, wakawakalisha kwenye vumbi.

Mama na jirani walikwenda, nami nyuma yao. Mama alianza kwa Kilingala, kisha akageuza kwa Kiswahili ili jirani naye aelewe.

“Commandant, aba batoto hapana sikia. Wangu na wa huyu mama, ni sawa.”

Komanda akamuuliza jirani kama kweli anamjua huyu mgeni.

“Ni mwenzangu,” jirani alisema.

Komanda akaenda nyuma ya watoto, akafyatua risasi hewani. Sote tulilala chini, hata askari wake wawili. Watoto hawakugeuka. Dada alikuwa akichora vumbini kwa kidole; alipoinua macho na kutuona tumelala, akacheka.

“Mubabebe batoto benu,” komanda alisema, bila kumtazama mtu.

Mama hakuondoka.

“Unataka nini tena, mama?”

“Siku mutabadilishwa, unitumie mutu.”

Alimtuma. Vitambaa mama alikuwa ameshavichoma. Kila zamu mpya, yeye na jirani walikuwa wa kwanza barierini asubuhi, wakiwaonyesha askari watoto mmoja mmoja, uso kwa uso. Nimepita barieri nyingi tangu hapo, hadi Butembo, hadi Kamango, na kila mara nawatafuta kwa macho wanawake wawili waliotangulia kufika.