Kinyama Nilichokitia Asali

Dada yangu Mwanaidi aliponiambia, "Kaka, mwaga hiyo sumu, tia asali, asali haiozeshi kitu," ningepaswa kukataa, lakini sikukataa, na aibu yangu naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Hospitali ya Kisarawe walikuwa wamemtoa mke wangu, Mama Salumu, kivimbe kwenye ziwa, wakanipa ndani ya kichupa chenye dawa kali ya kuzuia nyama isioze, nikipeleke maabara Kibaha ijulikane kama ni saratani, na sisi badala ya kwenda moja kwa moja tukazunguka kwanza kwa dada, kijijini Mzenga (kula, nini kingine?), dawa ikavuja ikawasha macho ya nyumba nzima, basi nikaimwaga chooni, nikajaza asali, na kesho yake tukaenda Kibaha kama watu wenye akili.

Kule mashine yao inapitisha kwenye nyama mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na mafuta, protini na sukari kila kimoja huunywa mwanga huo kwa namna yake, kisha mashine inachora mistari. Wanafunzi wa udaktari walijaa chumbani. Daktari, binti mdogo aliyetuamkia vizuri, akakunja uso.

"Babu, mbona yote inasoma sukari?"

"Mke wangu ana kisukari," nikajibu haraka. (Hana.)

Wakamtoboa kidole mbele ya wote, sukari ikawa sawa, nami nikaongeza, "Basi ni chai, anaikoleza mno."

Mama Salumu akanigeukia. "Mimi? Baba Salumu, chai yangu siitii sukari tangu uliponiposa! Waambie asali ya wifi!"

"Babu kaiunga kabisa!" mwanafunzi mmoja akasema, chumba kikaangua kicheko.

Daktari hakucheka. "Imeharibika, babu. Siwezi kukwambia kama ni saratani, na hatuna kipande kingine."

Haya, chekeni. Wapo Mzenga wanaosema mashine ilikosea, au alaumiwe dada; nawakatalia usoni, mashine ilisoma sawasawa, ilisoma asali niliyoitia kwa mkono wangu huu. Wananiita Mzee Asali, waniite, na kila ninayemwona na kichupa namfuata hadi barabarani: usikifungue, hata kikikuwasha vipi.

Ilikuwa saratani. Tulikuja kujua baada ya miezi minane, uvimbe uliporudi umeshasambaa. Mama Salumu alikatwa ziwa, na mwaka huohuo nikamzika kijijini kwetu Chole.