Nafasi ya Sita kwenye Kadi ya Mama

Miaka yote niliyofundisha, kuanzia Kwamsisi hadi Sindeni, kila mtihani niliufungua kwa kelele ileile: "Someni maelezo yote kabla hamjashika kalamu!" Nimewahi kumsimamisha mtoto ukutani kwa kuanza kuandika kabla sijamaliza kusema. Sasa ngoja nikwambie mwalimu huyohuyo alifanya nini alipoletewa fomu zake za kustaafu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaona imeandikwa kwamba mstaafu ataendelea kutibiwa kwa bima maisha yake yote, akasema alhamdulillahi, akasaini kila palipotiwa alama ya vema, kisha akaenda kunywa soda na walimu wenzake.

Ukurasa wa pili ulisema anayeendelea kutibiwa ni mstaafu na mwenza wake wa ndoa. Basi. Wazazi hawakutajwa. Mimi mume sina; niliyekuwa naye tuliachana zamani, Kwamsisi hukohuko, na leo simzungumzii. Niliye naye ni mama yangu. Alinizaa akiwa binti mdogo, sasa ana presha na sukari, na tangu bima ya watumishi ilipoanza alikuwa akitibiwa kwa mgongo wa jina langu.

Hayo yote nilikuja kuyajua dirishani, kwenye kituo cha afya hapa Korogwe, nimemshika mama mkono na watu wamejipanga nyuma yetu. Binti wa dirishani alibonyeza kompyuta, akabonyeza tena, akaniamkia upya: "Shikamoo, mwalimu." Nilikuwa nimeshamwitikia mara ya kwanza, kwa hiyo nikajua kuna baya linakuja.

"Kadi yako iko hai," akasema. "Ya bibi imesitishwa tangu ulipostaafu."

"Imesitishwa na nani?"

"Ni mfumo, mwalimu."

Loo, nilifoka! Nilifoka kama niko mstarini asubuhi na shule nzima imechelewa. Nikasema nimekatwa mshahara kila mwezi nywele zikiwa nyeusi mpaka zimekuwa nyeupe, leo naambiwa mfumo? Yule binti kainamisha kichwa tu. Mama ndiye aliyenivuta gauni. "Twende zetu," akasema. "Mtoto wa watu hana kosa." Tukanunua dawa za wiki mbili, tukarudi nyumbani Kilole.

Nilikumbuka siku ile kadi ilivyoanza. Nilikuwa Sindeni, kwenye nyumba ya mwalimu ya vyumba viwili, bati likianza kulia kila jua linapopanda. Mratibu elimu kata alileta fomu kwa pikipiki, akasema mwenye mtegemezi apeleke na picha yake. Nikampeleka mama Handeni mjini, studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mpiga picha akamwambia, "Bibi, tabasamu kidogo." Mama akamjibu, "Nimekuja kupiga picha ya ugonjwa, nicheke nini?" Akatoka kakunja uso, na uso huohuo ndio aliotembea nao miaka yote, kadi kaifunga kwenye pindo la khanga. Hata msibani aliweza kuitoa akawaonyesha wenzake.

Jioni tuliporudi nilikaa kujaza fomu. Mama alikuwa anapepeta mahindi pale karibu na mlango. Kusoma hajui, lakini kalamu ikisimama anaona.

"Hapo kwenye jina langu umeandika nini?"

"Mtegemezi, mama. Ndivyo wanavyotaka."

Ungo ukatulia. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayekutegemea wewe," akasema. "Haya. Andika."

Nikaandika, lakini niliona haya. Nilipopangiwa kazi Kwamsisi, msichana hata kupika sijui vizuri, ni yeye aliyekuja nami, kinu kichwani, akisema mtoto wake hawezi kuachwa ugenini peke yake. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi nikashika chaki, yeye akashika jembe, na mshahara ulipochelewa tulikula mahindi yake. Narudi kutoka darasani koo limekauka, nakuta bada, ugali wetu wa muhogo, limefunikwa, na mboga ya mchunga imepikwa kwa nazi, naye keshakaa anasubiri nimsimulie. Alitaka asimuliwe yote: nani kajua kusoma leo, nani kalia, mwalimu mkuu kavaa nini. Kisha ananiamulia kesi zangu za darasani kama hakimu. Nilipohamia Sindeni kinu kikaja pia, juu ya lori la mahindi, na yeye kakaa pembeni yake kukilinda. Natamani siku zile, sisemi uongo. Ningepewa leo nirudi kwenye kile chumba chetu cha Kwamsisi chenye popo, na mama mwenye magoti mazima, ningerudi pekupeku.

Basi wiki mbili zikapita, ya tatu ikaingia, na mama hasemi dawa zimekwisha. Nikashangaa. Nikafungua mkebe wake wa majani ya chai anamoweka vidonge. Nikakuta vyote vimekatwa nusu kwa wembe, vimepangwa safi, nusu juu ya nusu.

"Mama, nini hiki?"

"Nataka vifike mbali."

"Unataka kufa?"

"Usinipigie kelele, mimi si mwanafunzi wako."

Nikalia. Mtu mzima na pensheni yangu, nimekaa sakafuni na mkebe wa chai mapajani, nalia. Kwa ukurasa mmoja ambao sikuufunua, mama yangu alikuwa anakata uhai wake kwa wembe, kimyakimya, asinisumbue. Yeye akaanza kunigombeza kwa Kizigua, maana akikasirika sana Kiswahili humkimbia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya bima, na kauntabuku yangu niliyoipiga mistari kwa rula. Kijana mmoja akanieleza. Nikamwambia aanze upya, polepole, na nikaandika yote. Kadi yangu ya ustaafu ni ya mimi na mume. Nikamuuliza kama nafasi ya mume naweza kumpa mama. Akacheka mpaka akaomba radhi. Halafu kuna kifurushi cha hiari, mtu anajilipia mwenyewe, na kwa umri wa mama bei yake nilimwomba airudie, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri. Mwisho kuna bima ya kaya: kadi moja, watu sita wanaoishi nyumba moja, matibabu hapahapa mkoani kwetu, na mwandikishaji anakufuata nyumbani.

"Nani anakuwa mkuu wa kaya?" nikauliza.

"Mtu mzima yeyote, mwalimu. Ila wewe usijiandikishe humo, una bima tayari."

Nikamwomba karatasi za maelezo. Nikazisoma palepale kwenye benchi, mbele na nyuma, mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa.

Mwandikishaji aliyekuja alikuwa mwanamke wa mtaani kwetu, na simu yake ya kazi. Mama alikuwa ameoga, kakaa kwenye kiti cha barazani, kanyoosha mgongo. Mwandikishaji akamwamkia, akauliza, "Mkuu wa kaya ni nani?"

"Ni yeye," nikasema.

Mama akageuka nyuma kutazama ni nani. Maskini, maisha yake yote mkuu alikuwa mtu mwingine: baba, halafu baba mdogo, halafu mimi na barua zangu za ajira. Alipoelewa akaishusha khanga mabegani, akaitengeneza. Picha ikapigwa bila yeyote kumwambia atabasamu.

Tukaandika. Wa kwanza mama. Wa pili mjukuu wake, binti wa marehemu mdogo wangu, tunayeishi naye. Kisha watoto wa huyo binti, watatu. Hao watano.

"Imebaki nafasi moja, bibi. Wa sita?"

Mama akaninyooshea kidevu. "Mwanangu huyu."

"Mama, mimi ninayo yangu."

"Nimekuuliza?"

Mwandikishaji akajaribu, kwa heshima tu, akaingiza namba ya kitambulisho changu. Simu ikakataa. Akamwonyesha mama, akasema mtu hawezi kuwa kwenye bima mbili, kama kuna ndugu mwingine hapa nyumbani amtaje, nafasi isipotee bure. Na mama yangu mimi namjua. Punje ya mahindi ikidondoka uani anainama kuiokota, na magoti yake yale.

"Iache wazi," akasema. "Ina mwenyewe."

Kadi ilipoanza kufanya kazi tulirudi dirishani, kwa binti yuleyule. Nilimwomba msamaha mbele ya watu. Mama akapimwa presha, akapewa dawa za mwezi mzima kwenye bahasha, akaibana bahasha kwapani mpaka nyumbani. Jioni akaniletea nakala ya fomu nimsomee. Nikamsomea majina matano, nikafika chini penye nafasi iliyoachwa wazi.

"Mama, kwa nini ulikataa kuijaza?"

"Si waliniondoa mimi bila kuniambia?" akasema. "Siku wakikuondoa na wewe, usihangaike na madirisha ya watu. Kwenu nafasi ipo."

Nimevuka sitini, nimewaita maelfu ya watu watoto, na ilikuwa miaka mingi sijasikia mtu akinihesabu mimi kuwa mtoto wa nyumba fulani.

"Na hapo kwenye jina lako ungeandikwa nani?" akauliza.

"Mtegemezi, mama."

"Haya," akasema.

Akachukua maji, akafungua bahasha, akameza kidonge kizima.