Kisima cha Nyanya Mtoni Tarach

Wiki iliyopita nilitoka Lodwar kwenda Kakuma kumzika nyanya. Baada ya mazishi nilishuka peke yangu hadi mto Tarach, nikakuta mchanga mkavu uliochorwachorwa na magurudumu ya pikipiki. Nilitafuta mahali kisima chetu kilipokuwa. Sikupajua.

Wewe uliyekulia kwenye mabomba labda hukuviona visima vile. Miaka ile ya tisini, kiangazi kikikaza, kila boma lilichimba shimo lake mtoni, na aliyechimba ndiye mwenyewe. Mwingine akitaka maji, aombe kwanza. Jioni tulifunika shimo kwa matawi ya miiba. Asubuhi nyanya alishuka ndani, mimi nikapokea karai la mchanga kutoka juu, halafu la maji, mbuzi wakinisukuma mgongoni. Mdogo wangu alikuwa ameachishwa ziwa mapema, na uhai wake ulikuwa maziwa ya mbuzi hao.

Asubuhi moja tulikuta mchanga ulioporomoka usiku umeshatolewa. Miiba ilikuwa imerudishwa vizuri, ila mashina yalielekea nje. Nyanya aliyaelekeza ndani siku zote. Kesho yake, vilevile. Jirani yetu alicheka. "Mama, ukimshika mwizi huyo nitumie na mimi, anifagilie boma."

Nyanya hakucheka. "Mwizi angechota aende zake," aliniambia. "Huyu anasafisha. Anatafuta nini kwetu?"

Aliamini maji yametiwa kitu. Alionja kidogo, akaketi kusikiliza tumbo lake, kisha akainuka, akakifukia kisima chote. Tulichimba kingine upande wa juu, tukapata tope la chumvi. Mbuzi waliligusa kwa midomo wakageuka. Maziwa yalipungua, na mdogo wangu akalia hadi sauti ikamkauka.

Ndipo akaja mwanamke wa kambini, mkimbizi kutoka Sudani, yule aliyekuwa akitupatia unga wa mahindi tukimpelekea kuni. Alisimama na mtungi wake pale tulipofukia.

"Ejok, mama," alimsalimu nyanya kwa Kiturkana. "Nani nafukia hii maji?"

"Ni mimi. Na nani alikuwa nachimba?"

"Mimi. Nachota kidogo, natoa mchanga yako, basi tunakuwa sawa."

"Mbona hukuomba?"

"Nikiomba, wewe ungenipa?"

Nyanya alitikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Singekupa."

Mwanamke yule alicheka mpaka akashika kiuno. "Sasa si unaona!"

Walifukua pamoja. Maji yaliporudi, nyanya alimnywesha yeye kwanza, akilitazama koo lake. Kisha mbuzi wakanywa, wakanywa tena, na baada ya siku kadhaa kikombe cha mdogo wangu kikaanza kujaa.

Tangu hapo walichota pamoja. Lakini aliyeshuka shimoni alikuwa yule mgeni tu. Kuta zile ni mchanga, na aliye juu anaweza kuziangusha kwa kisigino. Yeye alishuka akiimba. Nyanya hakukubali kuwa chini mgeni akiwa juu, na hakulificha jambo hilo.

Siku moja mgeni alisema, "Leo shuka wewe, mama. Mgongo nauma."

Nyanya alilitazama shimo, akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Simama hapo," aliniambia kwa Kiturkana. "Usimwondolee macho." Akashuka. Nilimkodolea macho mwanamke yule hata nikasahau kupepesa. Alipokea karai baada ya karai, na kila mara aliweka mguu wake mbali na ukingo, taratibu, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Nyanya alipotoka, mchanga umemjaa nyweleni, alichukua mtungi wa mgeni akaujaza kabla ya mbuzi wetu.

Sasa maji yanatoka bombani, na namshukuru Mungu kwa hilo. Huko Lodwar nina majirani ninaosalimiana nao kila asubuhi, tunaulizana habari za watoto. Nikiuchunguza moyo wangu bila kujidanganya, simwoni hata mmoja ambaye ningeshuka shimoni yeye akiwa juu. Na sidhani kama wao wangeshuka nikiwa juu mimi.