Maji ya Ras Ngoyo

Harufu ya maganda ya korosho yanayoungua hunirudisha kijijini Tingi popote nilipo. Ni harufu kali, hukaba koo na kung'ang'ania kwenye nguo, na msimu wa korosho ilitanda kijiji kizima tangu asubuhi. Ndani ya harufu hiyo ndimo nilimosikia sauti ya baba yangu kwa mara ya kwanza nikiwa na akili zangu. Haikutoka kinywani mwake. Ilitoka kwenye redio ya dukani, nilikotumwa chumvi, na wanaume waliokaa barazani walikuwa wakitikisa vichwa na kuimba naye. Nilisimama pale, chumvi mkononi, nikiwaonea wivu. Wao walikuwa wakimfaidi na hata hawakuwa watoto wake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba na kanda za muziki zilipoanza kumwagika mpaka vijijini kwetu. Baba alikuwa ameanza kwa kusoma kaswida madrasa, kisha akaenda Dar es Salaam kupiga gitaa kwenye bendi za dansi. Huko akahamia rege, akaacha nywele zake zisokotane mpaka mabegani, akaitwa Ras Ngoyo. Mama alikuwa ameolewa tena Mtwara. Nikabaki na Bibi, mama yake baba, tukiishi wawili katika nyumba iliyojengwa kwa watu wengi. Jioni tulikula kimya, na nilisikia hata kijiko changu kikigusa bakuli.

Wimbo uliompa jina ulikuwa na kiitikio chepesi: "Mama teka maji, niko njiani." Watu waliucheza harusini na kwenye vilabu. Bibi peke yake aliupokea kama salamu alizotumiwa. Picha ya baba kwenye kasha la kanda ilipofika kijijini, majirani walisema mtoto wa watu karukwa na akili. Bibi hakushtuka hata kidogo. Kwetu mtu aliyeweka nadhiri aliweza kuacha kunyoa mpaka jambo lake litimie, ndipo anyolewe nyumbani kwao, ubani ufukizwe na dua isomwe. Akajumlisha wimbo na nywele, akaridhika kwamba mwanawe ameweka nadhiri ya kurudi. Tangu hapo kila Ijumaa nilijaza mtungi uliotengwa kwa ajili ya baba, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuchota maji yake hata kikombe. Kisima kilikuwa mbali, na wakati wa kiangazi maji yalikuwa ya kugombania, lakini nilikwenda mbio, kwa kuwa nami niliamini.

Kiangazi kimoja zikaja habari kwamba bendi yake inakwenda kupiga Lindi, na basi lao litasimama Somanga ili abiria wale samaki. Bibi akachukua ndoo yenye mfuniko iliyojaa maji ya mtungi ule, wembe mpya, ubani na kanga safi, tukapanda lori la magunia. Baba aliposhuka, watu walimzunguka wakitaka wimbo wao. Akauimba palepale barabarani, bila gitaa, macho ameyafumba. Alipofika kwenye kiitikio, Bibi akapenya katikati ya watu na ndoo yake kichwani.

"Baba, maji yako haya," alisema.

Akafumbua macho, akapiga goti kwenye vumbi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nadhiri yako imetimia. Keti nikunyoe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mama, hii si nadhiri. Hii ndiyo kazi yangu."

"Na aliyesema yuko njiani ni nani?"

"Ule ni wimbo tu, mama."

Alinawa uso kwa yale maji, akanywa, akaniwekea kiganja kichwani na kuniuliza niko darasa la ngapi. Kabla sijajibu, honi ikalia. Alisema atapita kwetu akirudi kutoka Lindi. Siku chache baadaye tukasikia basi lile limeshapita Somanga kurudi Dar. Nililia mpaka kichwa kikaniuma. Ijumaa ilipofika Bibi akanikabidhi ndoo.

"Amesema ni wimbo tu," nilimwambia.

"Kasema yeye. Mimi sijasema. Nenda kisimani."

Miaka ikapita, muziki ukabadilika, vijana wakataka vya kwao, na Ras Ngoyo akaishia kuimbia wageni hotelini huku mapafu yakimsumbua. Alirudi Tingi akiwa ndani ya jeneza. Maji ya kumwosha hayakuhangaisha mtu, maana mtungi ulikuwa umejaa. Niliyabeba mimi mpaka mlangoni, nikawakabidhi waosha maiti. Mmoja wao akatoka kuuliza kama kuna wembe, nywele zile zinawapa taabu. Wembe wa Somanga ulikuwapo, Bibi alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga miaka yote ile. Alilishika pindo lile.

"Msimnyoe," alisema. "Hiyo ni kazi yake."

Siku hizi bomba liko uani kwangu, na sauti ya baba iko kwenye simu, naiwasha nikitaka. Wajukuu zangu hawamngoji mtu kwa redio wala kwa mtungi, na sitaki wajue kungoja kule. Ila Ijumaa, bomba likiwa linatoka vizuri tu, najaza ndoo moja nikaifunika. Wakiniuliza ya nani, nawaambia wasiiguse.